Jino Lisiloonekana

Mtoto akiota jino nyuma ya jino, mtaa mzima hupata habari. Hamisi wetu alipofikisha miaka sita, meno mawili ya mbele ya chini yalitokeza upande wa ulimi huku yale ya utoto yakiwa bado yamesimama palepale. Mama yake aliyaona asubuhi akimpigisha mswaki. Ilipofika saa nne jirani alikuwa ameshakuja kuchungulia, na muuza maziwa naye akatakiwa atoe maoni.

Tunakaa Ngamiani, Tanga, na huku maoni hayanunuliwi. Mmoja alisema uzi na kitasa cha mlango vinatosha. Bibi yake Hamisi alisema mtoto asipong'olewa siku ileile atazeeka na safu mbili. Mwingine akasema huo ni urithi wa upande wangu, maana upande wa mama yake wote wamenyooka meno. Hilo la mwisho niliacha lipite, ingawa baadaye lilikuja kuwa na ukweli wake, kwa jino jingine na kwa mtoto mwingine.

Kwa sababu wakati sote tunamkodolea macho Hamisi, dada yake Zuhura alikuwa na jino lililokwenda kombo ndani ya taya. Halikuuma, halikuvimba, halikuonekana. Hilo ndilo lililotushughulisha, na ndilo ninalotaka wazazi wenzangu walijue.

Lakini nimalize kwanza ya Hamisi, maana ndiyo yanayowakosesha wengi usingizi. Meno ya mbele ya chini ya ukubwani hujengeka nyuma kidogo ya mizizi ya meno ya utoto. Kawaida jino jipya linapopanda, mzizi wa lile la zamani huliwa polepole, jino linalegea, siku moja linabaki kwenye andazi. Jipya likipanda kwa ndani zaidi, mzizi wa zamani hauliwi sawasawa, ndiyo unaona mawili kwa pamoja. La zamani likishatoka, ulimi wenyewe hulisukuma jipya kwenda mbele kila mtoto anapomeza na kusema, mradi nafasi ipo. Jino la utoto likiwa linacheza, dawa ni kuendelea kulichezesha. Likiwa limekaza huku jipya limeshapanda vizuri, au miezi ikapita bila dalili ya kulegea, hapo daktari hulitoa kwa ganzi, na kazi yenyewe haichukui muda.

Daktari tuliyempelekea, mama mmoja wa makamo mwenye maneno machache, alimwambia Hamisi alisukume kwa ulimi. Likacheza. Akamwambia, "Basi nenda kalichezeshe. Kula muhogo, kula hindi la kuchoma, kula embe bichi." Hakuandika kitu. Mimi nilikuwa nimeshaingiza mkono mfukoni kutafuta pochi.

Kisha akamtazama Zuhura, aliyekuja kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa na nyumbani hapakuwa na mtu wa kubaki naye.

"Na wewe una miaka mingapi?"

"Kumi. Mwezi wa nane natimiza kumi na moja."

"Hebu kaa hapa kidogo. Cheka."

Zuhura akacheka kile kicheko cha mtoto aliyeambiwa acheke. Daktari akavaa glovu nyingine, akaingiza vidole viwili vya shahada chini ya mdomo wa juu, mmoja kulia mmoja kushoto, akawa anavipandisha kwenye ufizi juu ya meno ya chonge ya utoto. Akarudia. Halafu akanipa glovu mimi. "Baba, weka kidole hapa." Upande wa kulia niligusa kivimbe kigumu chini ya ufizi, ukubwa wa punje ya hindi. Upande wa kushoto kidole kiliteleza tu. Palikuwa bapa.

"Kulia liko njiani," alisema. "La kushoto sijui liko wapi."

Akashika chonge la utoto la kulia, likatikisika. La kushoto halikutikisika hata chembe. Alichokuwa anakitafuta ni hicho, tofauti ya pande mbili. Pande zote zikichelewa pamoja, huenda mtoto ni wa kuchelewa tu, wapo wengi. Upande mmoja ukitangulia na mwingine ukabaki kimya, lazima pachunguzwe. Madaktari wengi huanza kupapasa hapo mtoto akiwa na miaka minane au tisa, na hutarajia kufikia miaka kumi au kumi na moja wawe wameligusa. Kidole hakina bei. Nimewauliza wazazi wengi tangu siku ile kama mtoto wao amewahi kupapaswa pale, na jibu ninalopata ni kucheka.

Jino la chonge la juu lina safari ndefu kuliko meno yote ya mbele. Huanza kuwa gumu mtoto akiwa na miezi minne au mitano tu tangu kuzaliwa, juu kabisa kwenye taya, si mbali na tundu la jicho. Kati ya miaka mitano na kumi na tano huteremka zaidi ya sentimita 2, na katika safari hiyo hujiongoza kwa kufuata mzizi wa jirani yake, jino la mbele la pembeni. Jirani huyo akiwa mdogo kupita kiasi, au hakuota kabisa, chonge linakosa ukingo wa kufuata. Zuhura jino lake la pembeni la kushoto ni kembamba, limechongoka kidogo nchani. Sisi tulikuwa tukiliita kajino, tunaliona urembo.

Na ule mwanya wake! Watoto wengi kati ya miaka saba na kumi na moja meno ya mbele ya juu huachana na kutanuka kama feni, kwa sababu machonge yakiwa juu huibana mizizi ya meno ya pembeni. Machonge yakishuka, meno hujikusanya na mwanya hupungua. Sasa huku kwetu Pwani nani amewahi kumpeleka mtoto hospitali kwa kuwa ana mwanya? Mwanya ni sifa, huimbwa kwenye taarabu, bibi harusi mwenye mwanya hutajwa kabla ya mahari yake. Kwa hiyo dalili kwamba machonge hayajashuka ilikuwa usoni pake, na sisi tukiisifia.

Utafiti mwingi wa Ulaya huweka watu wenye chonge la juu lililopotea njia kwenye kama 2 katika kila 100, wasichana zaidi ya wavulana. Kuna namna mbili kubwa za kupotea, na hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni chonge kutokea kwa nje, juu kwenye ufizi. Hiyo kila mtu anaijua, ndiyo tunayosema meno yamepandana. Mara nyingi chanzo chake ni uhaba wa nafasi. Chonge la juu hufika likiwa limechelewa, wenzake wengi wameshakaa, linabaki kutafuta pa kujipenyeza. Ya pili ni kulalia kwa ndani, upande wa kaakaa. Hiyo haionekani, na ajabu yake ni kwamba mara nyingi nafasi ilikuwepo ya kutosha. Jino limeikosa tu njia.

Zuhura alipigwa picha ya taya zima, halafu nyingine ndogo mashine ikiwa imesogezwa. Nilidhani ya kwanza imeharibika. Kumbe picha moja ya eksirei haisemi jino liko mbele au nyuma ya jingine, inavibandika vitu vyote pamoja. Ukipiga mbili kutoka sehemu tofauti, jino lililo upande wa kaakaa huonekana limehama kuelekea kulekule mashine ilikohamia, na lililo upande wa mdomo huonekana limekwenda kinyume. Unaweza kujaribu ukiwa umekaa hapo: simamisha vidole viwili mbele ya uso, kimoja nyuma ya kingine, fumba jicho moja, sogeza kichwa kulia. Cha nyuma kitaonekana kukufuata. Chonge la Zuhura lilifuata mashine. Lilikuwa limelalia ndani, kichwa chake kimeelekea mzizi wa kale kajino.

Hatari yenyewe iko hapo. Chonge linalosukuma mahali pasipo pake linaweza kuula mzizi wa jino jirani mpaka jino zima, lisilo na tundu wala maumivu, likaanza kulegea. Wakati mwingine hutokea uvimbe wa maji kuzunguka jino lililofukiwa. Mambo haya hayapigi hodi. Mtoto anakula, anacheka, anafaulu mitihani.

Kuhusu tiba, nilishangaa. Nilitegemea nitasikia habari ya waya. Daktari alisema tung'oe chonge la utoto, lile lililokaza, kisha tusubiri. Kung'oa jino zima lisilo na ubovu ili jino jingine, lililo mbali nalo, libadilishe njia! Mama yake Zuhura aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri.

Maelezo yake ni haya. Mwaka 1988 Waswidi wawili, Sune Ericson na Jüri Kurol, walichapisha matokeo ya watoto wa miaka 10 hadi 13 waliong'olewa machonge ya utoto kwa sababu hiyo. Katika machonge 46 yaliyokuwa yakielekea kaakaani, 36 yalirudi kwenye njia, yaani asilimia 78. Kilichoamua zaidi ni jino limekwenda mbali kiasi gani. Kichwa chake kikiwa bado hakijavuka katikati ya mzizi wa jino la pembeni, yaliyorudi yalikuwa asilimia 91. Kikiwa kimevuka, 64. Utafiti ule haukuwa na kundi la watoto walioachwa bila kung'olewa, na hilo ni pungufu kubwa, maana machonge mengine hujirudi yenyewe. Utafiti wa baadaye, wa hukohuko Sweden, uliochapishwa mwaka 2015, ulilinganisha: palipong'olewa chonge la utoto 69 kwa 100 yalitoka vizuri, palipoachwa 39. Tofauti bado ni kubwa, lakini si ile ya kuahidi miujiza, na daktari wetu hakuahidi. Alionyesha kwenye picha kwa ncha ya kalamu kwamba la Zuhura halijavuka katikati, akasema, "Tumewahi. Angekuja na miaka kumi na minne ningekuwa nazungumza lugha nyingine."

Lugha hiyo nyingine nilimwomba anieleze, kwa kuwa napenda kujua bei ya kila njia kabla ya kuchagua. Ni operesheni. Ufizi wa kaakaa hupasuliwa, jino hufunuliwa, hugundishwa kishikizo kidogo chenye mnyororo mwembamba, kisha waya za meno hulivuta taratibu kwa miezi mingi, mara nyingi zaidi ya mwaka, hadi likae kwenye mstari. Inafanyika, na inafanikiwa. Ila wataalamu wa kupanga meno nchini ni wachache na wengi wako Dar es Salaam, kwa hiyo kwa mtu wa Tanga bei ya waya ni moja, nauli ni ya pili, na masomo yanayokatwa kila mwezi ni ya tatu.

Siku ya kung'oa, Zuhura alilia kwa sindano, jino lenyewe hakulisikia. Daktari alilifuta damu akaliweka kwenye kitambaa. Watoto wa nyumbani wamezoea meno yanayotoka yakiwa kichwa kitupu, chini pamechimbika. Hili lilikuwa na mzizi wake wote, mrefu kuliko kichwa chenyewe, mweupe, haujaguswa. "Baba, mbona lina mzizi?" Ndiyo ushahidi. Jino la ukubwani lingekuwa linapita panapostahili, mzizi ule ungekuwa umeshaliwa.

Nyumbani niliwasimulia ndugu kwenye simu, nikamkuta dada yangu mkubwa amenyamaza upande wa pili. Halafu akasema, "Sasa hili langu?" Shangazi yao ana zaidi ya miaka arobaini na tano, na upande wa kulia juu ana kajino kafupi, kamesagika nchani, ambako amekuwa akiamini ni jino lake la kawaida lililodumaa. Alipopiga picha, chonge lake la ukubwani lilikuwa limelala kimya kaakaani, tangu enzi za shule ya msingi. Katika ukoo mambo haya hujirudia, daktari alikuwa ameshaniuliza. Yule aliyesema habari za urithi alikuwa na haki yake.

La shangazi limeachwa. Mizizi ya jirani zake ni mizima, hakuna uvimbe, na kajino ka utoto bado kanafanya kazi. Anatakiwa kupiga picha baada ya kila miaka kadhaa, basi. Wapo watu watakaomwambia lazima litolewe, kwa kuwa limo. Mimi naona kumpasua mtu kaakaa kwa ajili ya jino lisilomdhuru ni kumtafutia ugonjwa.

Kuna sababu moja ya meno kukaa vibaya ambayo haina urithi wala bahati, na siwezi kuipita. Ni lile neno "achana nalo, litaota lingine." Gego la utoto linaoza mtoto akiwa na miaka mitano, linang'olewa, tunashukuru kwamba halikuwa la ukubwani. Lakini magego ya utoto yanashikilia nafasi hadi miaka kumi, kumi na mbili. Likiondoka mapema, gego la kwanza la ukubwani, lile linaloota nyuma kabisa kwenye miaka sita bila kung'oa chochote, huanza kuegemea mbele na kula ile nafasi. Jino lililokusudiwa pale linakuja kukuta mlango umefungwa. Kliniki yenye vifaa huweza kuweka kiwaya cha kushika nafasi baada ya kung'oa. Kuziba tundu la gego la utoto ni rahisi zaidi, na sidhani kuna matumizi ya fedha ya mzazi yanayodharauliwa kama hayo.

Na kuna meno ya nailoni. Waliokulia Tanzania wanajua ninachosema, na ndugu zetu wa Uganda na Kenya wana majina yao. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, hanyonyi. Mtu mzima anamfunua mdomo, anaona ufizi wa sehemu ya chonge umevimba na kuwa mweupe, anasema ndiyo hayo. Anaitwa mtaalamu wa mtaa, ufizi unachimbwa kwa kisu au spoku ya baiskeli, kinatolewa kitu laini cheupe kama ushahidi. Kitu hicho ni jino la utoto ambalo halijakomaa. Msomi wa Denmark, Jens Pindborg, aliandika juu ya jambo hili kwa Waacholi wa kaskazini mwa Uganda mwaka 1969, na huku kwetu madaktari wamekuwa wakiliandika tangu miaka ya 1980 na 1990. Mtoto anaweza kufa kwa damu au maambukizi. Akipona, kiini cha chonge la ukubwani, ambalo miezi hiyohiyo ndipo linaanza kuwa gumu, kilikuwa jirani kabisa na ile spoku. Miaka kumi baadaye jino linatoka limeharibika umbo, au linatoka pasipo pake, au halitoki. Kuharisha kulihitaji maji ya chumvi na sukari na safari ya zahanati. Mama aliyekubali hakuwa na ukatili wowote, alikuwa na mtoto anayeishiwa maji na watu wazima waliomzunguka wakiwa na uhakika. Ninachokumbusha ni kwamba mtoto asiye na machonge ya utoto na mzazi akawa hana maelezo, daktari wa meno huku kwetu huuliza kwa upole habari za uchanga wake.

Turudi kwa Zuhura. Tulipewa muda wa mwaka mmoja, na picha katikati. Kama jino lingekuwa palepale, tungefunga safari ya Dar. Picha ya katikati ilionyesha limeinuka kidogo, yaani limepunguza kulala, na kichwa kimejitenga na mzizi wa kajino. Mama yake alikuwa na mazoea mabaya ya kumfunua mdomo kila Ijumaa. Kisha siku moja, mtoto mwenyewe akiwa na miaka kumi na miwili na ushei, alikuja na kidole mdomoni akasema kuna kitu kigumu. Kilikuwa upande wa mbele, juu ya pengo, mahali palepale nilipokuwa nimegusa bapa.

Sasa limeshuka. Halikushuka kama la kulia. Limejizungusha kidogo, ukimtazama kwa ubavu unaliona. Daktari anasema waya zingelinyoosha, na anasema vilevile kwamba kwa kutafuna na kwa afya ya jino hakuna haraka. Hamisi, kwa taarifa ya waliokuwa na wasiwasi, meno yake ya chini yalijipanga yenyewe na hata siku yenyewe siikumbuki.

Ambaye hajaridhika ni bibi yao. Mwanya wa Zuhura umepungua, umebaki kamstari, na daktari alitamka mbele yake kwamba waya zikiwekwa utazibwa kabisa. Bibi amesema tulikwenda kutafuta jino moja tukapoteza urembo wa ukoo. Zuhura amemsikiliza, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akaniomba nimwambie daktari waya zisubiri kwanza.